Kinara cha Kunywea Maji

Walisema hakuna mtu atakayekula Lodwar kwa kusugua vinara vya mishumaa vya Wazungu. Shemeji yangu ndiye aliyecheka kuliko wote: "Umeenda Amerika kusomea kuosha vyombo? Dada yako anaifanya hiyo kazi kila siku, na hana diploma!" Leo hacheki. Lakini sikukuita hapa kukusimulia hilo. Nataka kukueleza jambo lililonitokea mimi mwenyewe, mchana, bila tone la pombe mwilini. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi pia ningecheka.

Diploma yangu ni ya kurudishia vyombo vya metali uzuri wake, na nilifanya kazi Connecticut, ambako viwanda vya zamani vilitengeneza vinara kwa wingi: ndani shaba, nje ngozi nyembamba ya fedha. Mafundi wale walikuwa werevu, niamini. Walijua mkono wa mtu utashika wapi, wakaongeza fedha pale ili isichakae upesi. Na kwa kuwa kitako cha kinara ni tupu upande wa chini, walikijaza lami kiwe kizito, kisianguke. Mimi nikiona mhuri wa fundi najua kiwanda. Nani mwingine Turkana nzima anaweza hivyo?

Niliporudi, shangazi aliniazima chumba nyuma ya soko. Shemeji, pamoja na kucheka kwake, akaniazima jenereta ya kupitisha umeme kwenye beseni la kuchovyea vyombo vipate fedha upya. Nikafungua karakana yangu.

Basi akaja Mama Nyandeng kutoka Kakuma, mama wa Sudan Kusini anayetunza vyombo vya kanisa dogo kule kwenye kambi ya wakimbizi. Alibeba vinara viwili ndani ya leso. Vilikuwa vya Kiamerika, vya zamani sana. Mishenari waliviacha kijijini kwao.

"Jumapili mjukuu wangu anabatizwa," akasema. "Nataka ving'ae, mwanangu."

"Mama, vitang'aa hata utajiona meno."

Kimoja kilinishangaza. Fedha ilikuwa imelika shingoni, alama za vidole vitano, na vidole vyenyewe vimekaa kinyume, kama vya mtu aliyekishika kichwa chini miguu juu. Nani hushika kinara hivyo? Na lami yake yote ilikuwa imetoka. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikachovya vyote viwili, alama zikafunikwa, kisha nikayeyusha lami, nikajaza kile kitako na kukiziba vizuri. Kazi safi. Nilijipongeza kwa sauti.

Alasiri upepo wa vumbi ukavuma hadi soko likawa giza. Nilipoinua macho, mtu alikuwa amesimama ndani. Mrefu, mweusi sana, wa rika langu. Alikuwa amelowa kuanzia kifuani kwenda chini, nguo zinachuruzika. Sasa niambie, alilowa wapi? Mto Turkwel siku hizo ulikuwa mchanga mtupu!

"Ejok," nikamsalimu.

"Ndugu, maji iko?"

Nikampa kikombe changu kimejaa. Hakukitaka. Aliinama mezani, akachukua kimoja kati ya vile vinara viwili bila kusita, akakipindua. Vidole vyake vikakaa palepale alama zilipokuwa, na alama nilikuwa nimezifunika kwa mkono wangu! Akanyoosha kitako kwangu kama anayeomba amiminiwe. Sijui kwa nini nilimimina. Maji yakateleza juu ya lami, yakamwagika sakafuni.

Akatazama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umejengewa ukuta.

"Nani amefunga?"

"Mimi. Ndiyo kazi yenyewe."

"Sasa mtoto atakunywa na nini?"

Mtoto gani? Kabla sijauliza alikirudisha mezani taratibu, akatoka vumbini. Nikamfuata mbio. Vijana wa boda boda waliokuwa wamejibanza mlangoni wakaniuliza, "Fundi, unakimbiza nani?" Hawakuona mtu.

Kesho yake nikapeleka vinara Kakuma. Mama Nyandeng akafurahi, akakipindua kile kimoja, uso ukamwanguka.

"Mwanangu, hapa ndipo tunaweka maji. Watoto wetu wote wamebatizwa na hiki, kimepinduliwa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani unaona. Ni kikombe." Akakaa. "Tukikimbia vita, baba alininywesha humu njia nzima. Akanivusha mto, akaniacha na watu, akarudi kumchukua mama. Mpaka leo."

Nikamweleza kuhusu mgeni wangu. Nguo sikuzitaja, ninaapa. Akaniuliza jambo moja tu:

"Alikuwa amelowa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaelewa.

"Mzee sana?"

"Hapana, mama. Kama mimi."

Akaufunika mdomo kwa leso. Sikujua kama analia au anacheka. "Basi mimi ni mkubwa kumliko," akasema.

Jioni ile niliwasha makaa palepale uani, nikaitoa lami yote. Jumapili mjukuu akabatizwa, na maji hayakuvuja hata tone.

Mimi sielewi. Kemia ninaijua, mihuri ninaijua, hili sielewi. Ila wewe, ukiletewa kitu cha kale, usikizibe wala kukisugua kabla hujamuuliza mwenyewe wanakitumiaje kwao. Uliza, hata kama una diploma kama yangu.

Siku niliyorudisha vitu vya watu nilivyoazima, miezi mingi baadaye, ilikuwa siku yangu kubwa. Shemeji alipata jenereta mpya kuliko aliyoniazima, mbele ya wale wale waliocheka. Shangazi nilimrudishia ufunguo, chumba kimepakwa rangi. Akaingiza humo mbuzi wake, kisha akaniita.

"We msomi! Paa linavuja?"

"Shangazi, mvua imenyesha lini?"

Akanionyesha. Mbuzi wote walikuwa wamekusanyika pale nilipommiminia yule mtu, wameinamisha vichwa, wanalamba saruji. Nikapiga magoti nikapapasa. Palikuwa pamelowa.