Bodi tatu nilizojaribu ili Baba ajue kuna mtu anapiga hodi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo sina swali, nina kisa. Ni cha kweli tupu, na kama kuna mtu wa Soweto, Mbeya humu ndani, huenda ameshapita mbele ya nyumba yetu.

Mimi nipo Iringa, ni fundi simu. Hobby yangu ni hizi kompyuta za bodi moja, zile za kuenea kiganjani. Brand sitaji, maana nawajua, mtaanza ushabiki kama wa mpira.

Baba yangu, Mzee Sudi, alikuwa muuza vitambaa. Mama ameshatangulia, na Baba anaishi peke yake. Masikio yamegoma, hasikii mpaka umsogelee sikioni. Kifaa cha kusikilizia tulimnunulia, akakifungia kabatini, eti kinamletea kelele za sufuria za majirani.

Nilipoenda kumsalimia akaniambia, taratibu tu, "Mwanangu, tangu mama yako aondoke watu wameniacha. Hata Ambakisye haji tena."

Mzee Ambakisye ni rafiki yake wa tangu ujana, mkulima wa viazi kule milimani. Wakuu, iliniuma. Baba yangu ni mtu wa watu, chai kwake hainyweki bila mgeni.

Nikajiambia, labda wanakuja ila hasikii. Ngoja nimtengenezee kitu: mgeni akifika, taa iwake sebuleni.

Bodi ya kwanza ni ile maarufu yenye Linux kamili. Nikaiwekea camera ya kutambua mtu. Kwenye meza yangu Iringa ilifanya kazi safi kabisa, nikaringa.

Nikaifunga Mbeya, nikaenda kukaa kibarazani kwa jirani wa mbele niangalie. Akaja mama mmoja wa mtaani na bakuli lake limefunikwa kitambaa. Hodi. Hodi. Hodi. Kimya, akaondoka zake.

Ameshakata kona ndipo naona taa inawaka dirishani na Baba anafungua mlango. Akasimama pale anaangalia barabara tupu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unaondoka, huchungulii dirishani wala hujaribu kitasa. Nimelelewa hivyo, na bado sikulifikiria hilo wakati naandika code! Kule Iringa niliyekuwa nasimama mbele ya camera ni mimi mwenyewe, na mimi nilikuwa nasubiri taa hata ikichelewa.

Jioni umeme ukakatika, uliporudi memory card imekufa. Hii bodi ni nzuri, ila kwa mazingira ya kukatika umeme iwekeeni ulinzi.

Bodi ya pili ina nguvu zaidi. Taa iliwaka hodi ya kwanza tu! Lakini inachemka mpaka nikaiwekea feni, na inakula umeme balaa. Kile kibetri cha router nilichoiunganishia hakikufika mbali, na kwetu umeme ukikatika umekatika.

Ya tatu ni microcontroller, yaani chip ya kufanya kazi moja tu, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Wataalamu mtasema hiyo si kompyuta kamili, sawa, nakubali. Inawaka papo hapo na kibetri kilekile inakaa nacho raha mustarehe.

Nikaanza na sensor ya kugundua kitu kinachotembea. Asubuhi nzima Baba akawa anafungua mlango kuwakaribisha kuku wa jirani. Nilicheka, naye akacheka, ila akaniambia, "Hawa hawanywi chai."

Nikaongeza mic ndogo. Sasa taa inawaka pale tu kitu kikisogea kibarazani na sauti ikasikika kwa pamoja. Kuku akipita kimya, hakuna taa. Bodaboda akipita barabarani, hakuna taa.

Siku ya soko akaja Mzee Ambakisye na kiroba cha viazi. Desturi hii ya hodi tatu alijifunza kwa Baba mwenyewe. Hodi ya kwanza, taa. Mlango ukafunguliwa.

"Ambakisye! Kumbe hujanisusa?"

Mzee akamsogelea sikioni. "Nikususe wewe? Kila nikishuka na viazi napita hapa. Napiga hodi tatu, kimya. Nikasema Sudi bado ana msiba, hataki watu."

"Mimi? Nisitake watu?"

Baba akavua kofia, akajifuta nayo macho. Nikaenda jikoni kuinjika chai ambayo hakuna aliyeniagiza. Na mimi nina macho, jamani.

Kwa hiyo wakuu, bodi bora ni ile inayoujua mlango ambapo itawekwa. Kabla ya kulinganisha RAM, nenda kakae pale mlangoni uone watu wanafikaje.

Siku ya kurudi Iringa nilishaaga, nikafika njiani nikakumbuka nimesahau chaja. Nikarudi, nikapiga hodi moja.

Ndani ikatoka sauti kubwa, ile ya dukani ambayo nilikuwa sijaisikia tangu tumzike Mama: "Karibuuu! Pita ndani!" Hakujua ni nani. Alijua tu kuna mtu.

Nilisimama pale kibarazani, chaja nimeshaisahau tena.

Wenye maswali ya wiring ulizeni, nitajibu. Na wewe uliyepiga hodi tatu kwa mzee fulani ukaondoka, ukajua hakutaki, hebu pita tena. Halafu njoo hapa utuambie.