Maana Niliyoitoa Jamvini

Eda yangu ilianza tarehe sita Mfungo Nne, ikamalizika tarehe kumi na sita Mfungo Nane. Muda huo wote sikuvuka kizingiti. Kila Ijumaa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikohoa mara moja barazani, akaacha kikapu cha unga na samaki, akaenda zake kabla sijafungua mlango. Sikuuliza vilikotoka. Kiburi changu kilipenda hivyo.

Siku ya nne baada ya kutoka eda, Jumanne, tulikuwa jamvini hapa Wawi, wanawake watano, tukichambua karafuu kuzitenga na makonyo, vijiti vyake. Akapita tajiri mmoja mtaka kura, na shemeji yangu nyuma yake kamshikia mwavuli, akicheka kila tajiri alipofungua kinywa.

"Huyo chawa!" akasema jirani yangu. "Ewe msomi wetu, hebu tupe maana."

Nilisoma ukubwani, nikiwa na miaka hamsini na mmoja, katika darasa la watu wazima; nikiulizwa maana ya neno siwezi kunyamaza. Nikajibu kwa sauti: "Zamani alikuwa mdudu tu. Siku hizi ni mtu aishiye kwa mwenye nacho, akisifu hata chafya yake."

Wakaangua vicheko. Shemeji aligeuka, tukatazamana. Mwavuli ukayumba, tajiri akamkemea, naye akacheka tena.

Ijumaa ile sikusikia kikohozi. Wala iliyofuata.

Jumamosi, tarehe mosi Mfungo Tisa, nikaenda kwake, nikapiga hodi mwenyewe.

"Karibu, shemeji," alisema bila ya kuinuka. "Umemfuata chawa?"

"Nimemfuata alonilisha miezi minne na siku kumi."

Akainamisha uso. "Yule bwana hupenda kuchekewa. Nikimchekea, hanirudishi mikono mitupu. Karafuu zangu mwaka huu hazikuzaa. Na kaka aliniusia, mke wake asije akaomba. Basi nikaomba mimi."

"Nisamehe," nikasema.

"Maana uliitoa sawasawa, hilo silikatai."

"Ila haikukamilika."

Ijumaa, tarehe saba, kikohozi kilisikika barazani. Nikafungua mlango kabla hajaondoka. Kikapuni mlikuwa na mihogo ya shambani kwake, udongo haujakauka. Nikamwambia asubiri, niichemshe tule.