Mwalimu Nzilani na Theluji ya Migwani

Nzilani, mwalimu wa Kiswahili wa gredi ya tano, amepanga chumba kwangu hapa Migwani mwaka wa tatu sasa. Ni msichana mwembamba wa Mbumbuni, anatembea mbio hata akienda kuanika nguo. Mimi niliacha shule darasa la pili, lakini kusoma nasoma, mtu asinidanganye.

Muhula uliopita alirudi na insha arobaini akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia, insha zikianguka tena, darasa anapewa mwingine. Nikachukua moja, nikasoma polepole. Bibi harusi mweupe kama theluji. Ya pili, theluji. Ya tatu, mtoto ametulia kama maji mtungini.

"Mwalimu," nikamwambia, "maji yetu hutoka mtoni kwa mgongo wa punda. Hutulia saa ngapi?"

Akacheka, halafu akaniangalia sana. Kesho yake akawaambia watoto wafunge kile kitabu cha tashbihi walichokuwa wakinakili. Kila mtu alete mfano wa kitu alichokigusa au kukiona mwenyewe wiki hiyo. Alhamisi akawaleta kwangu nikitwanga mahindi ya muthokoi, nikawapa mchi kwa zamu. Kaloki akasema viganja vinamwaka kama ameepua sufuria bila kitambaa. Wavinya akasema maganda ya mahindi yanaruka kama kumbikumbi wa mvua ya kwanza. Walikuwa wanapigania kusema! Sabrin peke yake, binti ya Hamud muuza mbuzi, alikuwa ameinamia daftari. Aliandika tu.

Insha za mtihani zilisahihishwa na walimu kutoka Kwa Vonza. Siku mbili Nzilani hakula vizuri, nikamgombeza bure. Ijumaa nikamwona anakuja mbio, viatu mkononi.

"Susu," akaniita, maana mimi ni kama nyanya yake, "wamesoma ya Sabrin mbele ya walimu wote. Mara mbili!"

Msichana alikuwa ameandika kwamba siri ya mamake ilifichika kama vidole vya baba chini ya shuka. Sokoni sote tumeiona shuka hiyo: Hamud na mnunuzi wanapatana kwa kushikana vidole chini yake, bei ya mbuzi wanaijua wao wawili. Miaka yote hiyo, nani aliwahi kuiandika?

Darasa limebaki lake, na gredi ya sita ameongezewa. Analalamika kazi imezidi. Lakini nikipita dirishani namsikia anazisomea kuta insha, anagonga meza, anacheka peke yake.