Mwaka Mama Aliokataa Kufunga Mzigo

Juzi jioni jirani yangu hapa Ufukoni alikuwa anachoma korosho kwenye debe lililotobolewa, moshi ukaingia chumbani kwangu bila hodi. Wenyeji wa Mtwara mnaujua moshi ule: unawasha macho, unakaba koo, halafu nyuma yake kuna utamu. Nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka hata viatu sijavua. Nikakaa kitandani, nikamkumbuka mama.

Tulikuwa tunakaa kijijini, njia ya kwenda kivuko cha Kilambo. Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu dogo la udongo, na kila kiangazi alivuka mto Ruvuma kuwatembelea waumini wa ng'ambo wasio na mchungaji. Kanisani kwetu msafiri hakujifungia mzigo. Anayebaki ndiye aliyeufunga, mbele ya watu wote, ndipo tukaomba. Kwa hiyo kila mwaka mama alibangua korosho, akatwanga makopa ya muhogo, akajaza kitenge, akafunga. Baba akaondoka kwa nyimbo. Mimi nilimtazama, nikaota kwamba siku moja nitakuwa yeye. Kuwa mfunga kitenge, hilo sikuliota hata kidogo.

Mwaka mmoja mama aliketi kando ya debe, uso umejaa masizi, akasema, "Baba Neema, safari hii sifungi. Nimechoka kutuma."

Bi Somoe, jirani yetu Mwislamu aliyekuja kutusaidia kubangua, akaangua kicheko. "Umesikia, mwinjilisti? Leo mpagazi wako kagoma!"

Baba hakucheka. Ng'ambo watu walikuwa wanasubiri. Alichukua jiwe akabangua pamoja nasi, akazipondaponda korosho mpaka nikazionea huruma. Mwishowe akasema, "Basi nenda wewe, mama Neema. Nitafunga mimi."

Mama akainua mikono yake. Mafuta ya maganda yalikuwa yameibabua, vidole vyeusi, ngozi inabanduka. "Na mikono hii? Nikimshika mtu kumwombea si atakimbia?"

"Kwani wa ng'ambo wanabangua kwa vijiko?" akasema Bi Somoe. "Nenda, shoga. Mtoto huyu nitamwangalia."

Jumapili baba akafunga kitenge. Fundo likafunguka palepale, unga ukamwagikia viatu vya mzee wa kanisa, na sisi watoto tukacheka mpaka tukakaripiwa. Mama aliangalia pembeni, hakumsaidia. Baba akafunga tena, akaomba, mama akaondoka.

Jioni ile baba alisonga ugali. Nikamuuliza mbona leo hatunywi uji. Akasema, "Uji wa nini jioni?" Nikamwambia, wewe ukisafiri sisi hunywa uji asubuhi na jioni, kwa sababu unga unakwenda na wewe. Sikuwa namshitaki, jamani. Nilidhani anajua. Baba aliweka mwiko chini, akatoka, akasimama akiitazama njia ya Kilambo mpaka ugali ukapoa.

Mama aliporudi, miguu imejaa vumbi, alilala na kitenge begani. Kesho yake ndipo akasimulia. Wanawake wa ng'ambo walipompa mkono waliutazama, kisha wakamwonyesha ya kwao, myeusi vilevile. Wakacheka, wakamwita dada, wakamkalisha jikoni. Humo ndimo alimowaombea.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, "Kumbe mlikuwa mnakunywa uji?"

"Hukujua?"

"Sikujua."

"Basi sasa unajua," mama akasema, akarudi kulala.

Tangu hapo baba alitwanga makopa mwenyewe, na mzigo wa safari ukawa mdogo.

Wakati ule nilidhani mama amechoshwa na safari. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba uchovu ule alivuka nao, ulikuwa wa miaka, na kwamba kila baba alipohubiri ng'ambo, mama naye alikuwa kazini, na tumbo lake halijashiba.

Jumapili hii mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya mwaka ule, anavuka kwenda kwa waumini wa ng'ambo, na anayebaki ni mimi. Natamani kwenda, bado naota. Lakini juzi nilitoka na viatu vyangu vilevile, nikamwomba jirani korosho, nikaketi kando ya debe lake. Unga wa safari nimeshaupima. Wa ugali wangu nimeubakiza, na vidole vimeanza kuwa vyeusi.