Mpaka Uliofunikwa na Matope

Jumanne nilikuwa ofisi ya ardhi Garsen, fomu ya kurithi shamba la marehemu baba mkononi. Mezani kwa karani, mjane kutoka Wenje alikuwa akidai shamba alilolima na mumewe. Shemeji yake, mzee mmoja, alikataa katakata: "Huku mtoni mwanamke harithi. Shamba ni letu wanaume."

Wakili wa mjane, mwanamke wa kwanza wa vijiji vyetu kusomea sheria, alimpa yule mzee kalamu. "Baba, mafuriko yamefunika kila kitu. Hebu tuchoree mpaka wa shamba lenu."

Mzee akachora mto, akakwama. Akakuna kichwa, akamgeukia mjane: "Shemeji, kwani mpaka wetu unapita wapi?"

Mjane akaweka kidole kwenye karatasi. "Kutoka mkuyu ulioanguka mpaka migomba yangu. Maji yakipungua, ni mimi huufukua kwa jembe, kila mara."

"Andika hivyo hivyo," wakili akamwambia karani.

Nilijivuna kana kwamba wakili yule nilimsomesha mimi. Kisha nikatazama fomu yangu. Jina lilikuwa langu peke yangu. Mipaka nilitajiwa na mama kwa simu, asubuhi ileile.

Nikaomba fomu nyingine.