Wino wa Mgunga

Mama jirani yangu hapa Robanda, kijiji cha kando ya hifadhi, huwapikia wino wachoraji wa kambi ya watalii. Huchemsha maganda ya mgunga na misumari yenye kutu, kisha hupima weusi wake kwa kujipaka ukuchani. Kucha zake hazitakati kwa sabuni yoyote, na wala hajali. Jana askari wa wanyamapori aliingia uani bila hodi wala shikamoo. "Tumeambiwa hapa panapikwa nyamapori." Mama hakuacha kuponda maganda. "Funua uone." Askari akafunua, akachovya kidole, kikatoka cheusi. Akacheka kwa aibu. Mama akaurudisha mfuniko. "Siku mliyomchukua mwanangu," akasema, "sufuria hii ilikuwa na wino huu huu. Hamkufunua."