Maji ya Chini

Shangazi yangu haufungulii mpunga wake maji kabla hajayaonja. Shamba lake liko chini ya Garsen, upande wa Kipini, ambako bahari ikijaa huusukuma mto urudi nyuma, na maji matamu yakaingia mashambani yenyewe, bila pampu. Mlango wa mfereji ni tope na magogo ya mgomba. Mimi niliyesoma niliona kule kuonja ni mazoea ya kizee tu.

Kimbunga kilipopita mbali kusini mwetu, redio ilituambia tusiogope. Kweli hakikung'oa hata bati moja. Tulipata upepo wa siku tatu, mawimbi yaliyopanda hadi kwenye minazi ya Kipini, na mvua ya kutudhihaki. Nilikuwa nimekuja kumsaidia shangazi. Mpunga ulikuwa na mimba na tope la shamba limeanza kupasuka. Bila maji, mashuke yangetoka mapepe matupu, na hicho ndicho chakula chake cha mwaka mzima.

Siku ya nne kukatulia. Ilikuwa bamvua, siku bahari inapojaa kupita kawaida, mto ukajaa hadi ukingoni. Nikashika jembe niubomoe mlango.

"Tulia, mwanangu. Onja kwanza."

Nikachota kwa kifuu, nikaonja. Matamu! Nikamwambia, kwa jeuri kidogo, kwamba dhoruba imekwisha.

"Skuli hawakukufundisha kuchota chini?"

Alikuwa na chupa iliyofungwa kwenye ufito mrefu, kizibo chake kina kamba. Akaizamisha hadi chini kabisa, akavuta kamba, akaipandisha, akanipa. Nilitema papo hapo. Bahari tupu, imelala chini ya maji ya mto! Shangazi akawapigia kelele majirani, lakini walikuwa wamekwisha fungua.

Kwa siku tatu alizamisha chupa, akaonja, akatema. Bamvua lilikuwa linapungua, kila siku maji yakifika chini zaidi, na mimi nilimkasirikia waziwazi. Nilimwambia ataua mpunga kwa ukaidi. Nilipotaka tuteke ya juu kwa ndoo, alisema ndoo huyakoroga na ya chini. Siku ya nne alionja, akameza.

"Haya, ndoo!"

Mto haukufika tena mlangoni, kwa hiyo tuliteka kwa mikono hadi mabega yakawaka moto. Wiki mbili baadaye mpunga wa majirani ulikuwa mweupe, umekauka wima. Wetu ulichanua. Sijapata kumstahi mtu kama nilivyomstahi yeye asubuhi ile, na nilimwambia hivyo: ulimi wake ni wa ajabu.

"Si ulimi," alisema, macho yake kwenye mashuke. "Mwaka mmoja nilionja juu tu, nikafungua. Nilikuwa msichana, mzigo wa nyumba umeniangukia mimi. Baba yako alikuwa mdogo. Alikula mizizi ya mayungiyungi mpaka msimu mwingine."

Njaa hiyo niliijua. Marehemu baba alitusimulia mara nyingi, na kila mara aliilaumu bahari.